Sifuri ya Kituo cha Kumi na Nne

Jumatatu, 3 Machi

Nimenunua daftari hili kwa sababu moja tu: ofisini kwetu karatasi zina miguu. Barua huwekwa mezani asubuhi, kufika adhuhuri haipo, na kila mtu anaapa hakuiona. Kwa hiyo nitakayoyaona msimu huu nitayaandika humu. Daftari litakaa mkobani, na mkoba utakaa begani.

Mimi ni karani wa takwimu katika maabara ya maji ya mji. Tuna vituo thelathini na viwili vya kuchotea maji. Kila wiki mchukua sampuli huvizungukia akiwa na chupa zake, mbili kwa kila kituo. Maabara huotesha vijidudu kwenye visahani, huhesabu madoa, hujaza fomu, na fomu huja kwangu. Naingiza idadi ya chupa na jumla ya madoa, kompyuta inagawa, unatoka wastani. Wastani huo ndio unaobandikwa ubaoni na kupelekwa mitaani. Ukiwa sifuri, watu wanakunywa bila kuchemsha.

Mchukua sampuli tunamwita Kimya. Yuko kazini mwaka wa kumi na tisa na sidhani kama amewahi kuniambia maneno kumi na tisa. Mtu asiyesema ana analoficha. Marehemu mama alikuwa akiwaambia watu kwamba nilizaliwa nimekunja uso, namshuku mkunga.

Mvua imeanza leo.

Jumanne, 4 Machi

Mvua.

Alhamisi, 6 Machi

Kimya ameingia saa tisa na viatu vikavu. Naandika tena: vikavu. Mji mzima umekuwa tope, mimi mwenyewe nimevuka barabara tu na soksi zimelowa, yeye anayedai ametembea vituo vyote anaingia na viatu kama vya bwana harusi. Nikamsalimia makusudi ili niangalie vizuri. Akaitikia kwa kichwa.

Jumatatu, 10 Machi

Dada yangu amepiga simu mchana. Anakaa mtaa wa bondeni, ng'ambo ya kijito, na maji yao yanatoka kituo cha kumi na nne.

"Mdogo wangu, maji yetu wiki hii vipi? Yana kaharufu."

Nikageuka kutazama ubao. "Sifuri, Dada. Kunyweni."

"Una hakika?"

"Namba ninaziingiza kwa mkono wangu mwenyewe."

Akacheka, akasema basi sawa, mkaa umelowa na kuchemsha kumekuwa kazi.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nimehesabu. Kreti la Kimya lilitoka asubuhi na chupa sitini na nne. Liliporudi nilijifanya naokota kalamu, nikainama. Chupa nane bado zina karatasi ya muhuri shingoni, hazijafunguliwa. Chupa nane ni vituo vinne. Tusubiri ripoti.

Jumatatu, 17 Machi

Ripoti ina vituo thelathini na viwili, kila kimoja na namba yake. Hakuna pengo. Kituo cha kumi na mbili wastani thelathini na moja, cha kumi na tatu arobaini, cha kumi na tano ishirini na saba. Mvua imechafua kila kitu. Katikati yao cha kumi na nne: sifuri. Sifuri wiki ya pili mfululizo! Mji mzima unalowa, Kimya peke yake mkavu. Sifuri nyingine ziko cha tisa, cha ishirini na mbili na cha ishirini na tatu. Jumla vituo vinne. Chupa nane.

Nimempata. Haendi, halafu anaandika sifuri kwa sababu sifuri haiulizwi maswali.

Sijamwambia mtu. Mwizi hakamatwi kwa kelele. Nataka wiki moja zaidi ili akose pa kutokea.

Jumanne, 18 Machi

Mvua tangu alfajiri. Kimya alikohoa mara mbili karibu na meza yangu kama mtu anayetaka kusema jambo. Nikafunika karatasi zangu. Akaondoka.

Alhamisi, 20 Machi

Naandika kwenye benchi la zahanati.

Dada alipiga simu jana jioni: mtoto anaharisha tangu juzi. Ana miaka minne, binti pekee, kipenzi chetu sote. Nikamwambia labda ni chakula. Nilisema hivyo huku nikijua ninayoyajua. Leo asubuhi akapiga tena, sauti si yake: "Njoo. Macho yameingia ndani."

Nilipofika walikuwa wameshamtundikia maji ya mshipa. Muuguzi alikuwa akimtafutia mshipa mtoto mwingine kitanda cha pili. Bila kugeuka akauliza, "Nyinyi pia wa bondeni?"

"Ndiyo," Dada akasema.

"Huyu wenu ni wa sita tangu Jumatatu. Mnakunywa maji gani?"

"Ya bomba la mtaani."

"Mnachemsha?"

Dada akanitazama. Hakunitazama kwa lawama, na hilo ndilo lililoniumiza. Alinitazama kama mtu anayemwita shahidi wake. "Mdogo wangu huyu anafanya kazi maji. Amesema yetu ni sifuri."

Muuguzi sasa akageuka. "Sifuri?"

Nikasema, "Ndivyo ripoti inavyosema."

"Basi ripoti yenu iende ikawaambie hawa watoto," akasema, akarudi kwenye mshipa wake.

Nilikaa karibu na mtoto. Alifumbua macho akasema, "Mama mdogo, nataka maji." Nikaangalia jagi lililokuwa mezani, nikashindwa kujua nimpe au nisimpe. Ilibidi nimuulize muuguzi kama yamechemshwa. Mimi, wa ofisi ya maji.

Nilichomwambia Dada kabla sijatoka: "Kuanzia sasa chemsha kila tone." Akauliza kwa nini. Nikasema, kwa tahadhari tu.

Kimya atanieleza. Naapa atanieleza.

Jumatatu, 24 Machi

Mtoto amekaa leo, amekunywa uji. Mungu mkubwa. Muuguzi anasema wamefika kumi na mmoja kutoka mtaa ule.

Asubuhi nimempelekea Mkuu wa maabara barua ya kurasa mbili: viatu, chupa nane, vituo vinne, tarehe zote. Mkuu wetu ofisini wanamwita Pasi, kwa sababu suruali yake ina mikunjo inayoweza kukata mkate, na anataka ripoti zake ziwe hivyo hivyo. Aliisoma barua mara mbili, akamwita Kimya, akaniambia nibaki.

"Wiki iliyopita ulifika kituo cha kumi na nne?"

"Sikufika," Kimya akasema.

Sikutegemea akubali upesi hivyo.

"Na wiki ile nyingine?"

"Sikufika."

"Ukaandika nini?"

"Niliandika sikufika."

"Mbona ripoti ina sifuri?"

Kimya akanielekezea macho. Ana macho mekundu ya mtu wa juani, sikuwahi kuyaona kwa karibu. "Muulize anayeandika ripoti."

Nikapandwa na hasira hata nikasimama. "Unaona, Mkuu? Sasa ananitupia mimi! Mtoto wa dada yangu yuko zahanati kwa ajili ya uvivu wake, halafu ananitupia mimi!"

Mkuu akasema Kimya asimamishwe kazi mpaka uchunguzi uishe, akakusanya fomu zote za mwezi kutoka kwenye faili langu, akazifungia kabatini kwake. Kimya alivua koti la mvua, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti, akatoka bila koti huku mvua inanyesha.

Nilitegemea kufurahi. Nimekula mchana nikiwa peke yangu. Wenzangu wamehamia meza ya dirishani.

Jumanne, 25 Machi

Mtoto ametoka zahanati. Mvua ndogo.

Alhamisi, 27 Machi

Amekuja mke wa Kimya kurudisha funguo na sanduku la barafu. Mama mfupi, mnene, mzungumzaji. Labda ndiyo maana mumewe hapati nafasi. Alisimama mbele ya meza yangu bila kuketi.

"Wewe ndiye uliyeandika habari za viatu?"

Nikasema ndiyo, sikuona haya.

"Mume wangu ana jozi mbili. Moja ya matope, anaivua kwenye gari, kwa sababu mfagizi wenu alilalamika sakafu. Ya pili mimi huikausha kila jioni jikoni. Nimekuja kukuambia hilo. Na yeye amenituma neno moja tu: ufungue fomu."

"Fomu anazo Mkuu."

"Basi kaziombe. Mdomo si unao? Barua ya kurasa mbili uliiweza."

Akaondoka. Nimeandika maneno yake hapa kama alivyoyasema. Ni wazi amefundishwa. Mke haji hivi hivi.

Lakini kwa nini mtu aliyeghushi anisisitize nifungue fomu? Labda anajua Mkuu hatanipa. Labda yeye na Mkuu lao moja. Mkuu alizifungia upesi mno.

Ijumaa, 28 Machi

Nimemwomba Mkuu fomu. "Za nini tena?" Nikasema kuhakiki. Akasema Jumatatu. Nilimwona akipapasa mfuko wenye funguo.

Jumapili, 30 Machi

Leo niandike taratibu, nisije nikaruka kitu.

Naishi na Shangazi, dada wa marehemu baba, mwalimu mstaafu wa hesabu. Amefundisha miaka thelathini na mitano na bado hajaacha: siku hizi ana mwanafunzi mmoja, kinyozi wa hapa mtaani, mtu mzima wa miaka arobaini na moja, ambaye ameamua kurudia mtihani wa sekondari. Huja kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Mimi nilikuwa nashuku anafuata chai. Nilikaa sebuleni napiga pasi, wao mezani.

Kinyozi alikuwa amekasirika. "Mwalimu, simu yangu imeharibika. Nimeiandikia kumi na mbili gawa kwa sifuri, inaniambia kosa. Mimi najua jibu ni sifuri. Kugawa kwa bure utapata bure."

"Una nyembe?" Shangazi akamuuliza.

Kinyozi hakosi nyembe. Akatoa pakiti mfukoni, wakahesabu kumi na mbili mezani, kila moja kwenye karatasi yake.

"Zipange tatu tatu. Mafungu mangapi?"

"Manne."

"Kwa hiyo kugawa ni kuuliza: mafungu mangapi mpaka ziishe? Sasa zipange sifuri sifuri. Kila fungu usiweke wembe hata mmoja. Haya, anza."

Kinyozi akagusa meza. "Fungu la kwanza, hakuna kitu. La pili, hakuna kitu. La tatu..."

"Endelea."

"Mwalimu, hapa nitazeeka! Nyembe bado ziko pale pale."

"Mafungu mangapi yatazimaliza?"

"Hayapo."

"Na wewe ulisema sifuri. Mafungu sifuri yatazimaliza? Ukikaa bila kufanya kitu, nyembe zitajiondokea mezani?"

Kinyozi akacheka. "Hapana."

"Tena jibu la kugawa lina shahidi wake, kuzidisha. Nne mara tatu, kumi na mbili, shahidi amekubali. Niletee namba ambayo ukiizidisha kwa sifuri inakupa kumi na mbili."

"Haipo. Kila kitu mara sifuri ni sifuri."

"Basi simu yako ni nzima. Haikatai kwa sababu hesabu ni ngumu. Inakataa kwa sababu hakuna jibu la kukupa."

Kinyozi akakuna kichwa chake, ambacho kwa kweli yeye mwenyewe hajakinyoa vizuri. "Sawa. Lakini je, nisipokuwa hata na wembe? Sifuri gawa kwa sifuri. Hapo si sifuri? Shahidi anakubali: sifuri mara sifuri, sifuri."

Hapo Shangazi akafurahi, nikamsikia kwenye sauti. "Anakubali. Na saba? Saba mara sifuri?"

"Sifuri. Anakubali."

"Na mia tano?"

"Anakubali pia."

"Basi jibu ni lipi? Sifuri, saba, au mia tano?"

Kinyozi akaanza kurudisha nyembe kwenye pakiti.

"Umeona? Ya kwanza haikuwa na jibu hata moja. Hii kila namba duniani inajitokeza inasema ni mimi, na shahidi hawezi kumkana yeyote. Huwezi kuchagua mmoja kwa kuwa umependa sura yake. Vitabu vinasema haijafafanuliwa. Mimi nasema swali lenyewe limevunjika. Rudi ukaulize vizuri. Mtu akikuandikia sifuri hapo, amekudanganya. Hajui chochote, lakini amekuandikia namba."

"Ni kosa dogo tu, Mwalimu."

"Dogo? Moja mara sifuri ni sawa na mbili mara sifuri, kweli si kweli? Sasa niruhusu kugawa pande zote kwa sifuri. Moja itakuwa sawa na mbili. Ukiruhusu hilo, wateja wawili umewanyoa kichwa kimoja."

Walicheka wote wawili. Mimi niliinua pasi, nikakuta nimeunguza kola.

Chupa sifuri. Madoa sifuri. Kituo ambacho mtu hakufika hakina chupa, na bila chupa hakuna visahani, na bila visahani hakuna madoa ya kuhesabu. Sifuri gawa kwa sifuri. Mashine ilipaswa kunipigia kelele. Miaka yote ilikuwa inapiga kelele: yale maandishi ya kosa yenye alama ya mshangao. Yalikwenda wapi?

Nikakaa chini. Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja. Mkuu alisimama nyuma yangu akaonyesha kidole kwenye kioo: "Haya makorokocho yanafanya ripoti ionekane kama tunatukanana. Yaondoe." Nikasema dakika tano tu, Mkuu. Nikaandika amri: ikitokea kosa, weka sifuri. Alinisifu mbele ya watu. Nilikwenda nyumbani nikiwa nimevimba kichwa.

Shangazi ameniuliza nina nini. Nimesema kichwa.

Jumatatu, 31 Machi

Nimefika kabla ya wote. Nimefungua jedwali, nimebonyeza sifuri ya kituo cha kumi na nne. Amri iko pale, maneno yangu mwenyewe, hata nafasi niliyoacha bila sababu kabla ya mabano, kama ninavyofanya siku zote.

Mkuu alipoingia nilimwomba fomu tena. Safari hii sikutoka mlangoni. Alinipa. Nilizipanga mezani wiki tatu. Mstari wa kumi na nne, sehemu ya chupa: kistari. Sehemu ya madoa: kistari. Na pembeni, kwa herufi ndogo za Kimya, wiki zote tatu, kama kwenye vile vituo vingine vitatu:

Sikufika. Daraja la miti limezama. Watu waambiwe wachemshe.

Watu waambiwe wachemshe. Karatasi hizi zilipita mikononi mwangu. Naingiza mistari thelathini na miwili, vidole vinajua njia. Penye kistari naruka. Namba ndizo kazi yangu, maneno ya pembeni sikuyaona kuwa ni kazi yangu. Kila wiki mtu aliniandikia ukweli, na mimi nilikuwa natazama viatu vyake.

Jumanne, 1 Aprili

Nimemweleza Mkuu. Alisikiliza, akanyoosha tai.

"Kosa la kompyuta," akasema.

"Si la kompyuta, Mkuu. Kompyuta ilisema haijui. Tukaiziba mdomo."

"Wewe uliiziba."

"Ulinituma."

Tukatazamana. Halafu akalainika, akanivutia kiti. "Sikiliza, binti yangu. Tuirekebishe taratibu. Yule bwana tutamrudisha, tutasema uchunguzi haukumkuta na hatia. Ripoti mpya itatoka safi. Nani atapata faida tukianza kuchafuana?"

Nimesema nitafikiri. Ninaandika hapa kwa aibu: nilifikiri kweli. Nilifikiri siku nzima. Maisha yangu yote nimeshuku watu, na sikuwahi hata siku moja kumshuku huyu anayeshika kalamu hii.

Jumatano, 2 Aprili

Nimebadilisha amri. Pasipo chupa sasa inaandika: haijapimwa. Vituo vinne. Nimebandika mwenyewe ubaoni bila kumuuliza mtu. Pasi amepita, amesoma, amekwenda zake.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimekwenda kwa Dada nikipita njia ndefu ya barabara kuu, maana daraja kweli limezama. Nimeliona, mbao zinaelea upande mmoja. Mtoto alinikimbilia. Amekonda shingo. Nikamwomba Dada amtume nje acheze.

Nilimweleza yote kuanzia mwanzo. Hakunikatisha. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Ulianza kushuku tarehe ngapi kwamba hakuna mtu anayepima maji yetu?"

Ningeweza kusema uongo. Daftari lilikuwa mkobani.

"Kumi na saba."

"Mtoto alianza kuharisha kumi na nane." Alihesabu kwa sauti ya chini, kama anayehesabu nguo kwenye kamba. "Siku moja. Ulikuwa unasubiri nini?"

"Nilikuwa namsubiri yule mtu akosee tena. Nilitaka ushahidi."

"Na sisi?"

Nikashika mkanda wa mkoba.

"Pengine alikuwa ameshayanywa kabla ya hapo," Dada akasema. "Pengine hata ungesema ingekuwa vile vile. Hatutajua. Toka nje, mdogo wangu. Si kwa ubaya. Toka tu kwanza."

Nikatoka.

Ijumaa, 4 Aprili

Mkutano wa wafanyakazi. Mkuu alimwita Kimya arudi, akatangaza kwamba uchunguzi umekwisha na "tusonge mbele". Kimya alisimama karibu na mlango, koti lake mkononi. Mkuu alipouliza kama kuna la ziada, akiwa tayari ameshafunga faili, nikainua mkono.

Nikasema: huyu bwana aliandika kila wiki kwamba hakufika na akaomba watu waambiwe. Mimi ndiye niliyeigeuza "sijui" yake kuwa sifuri, kwa agizo la kuondoa alama za kosa, na nilikubali agizo hilo kwa sababu nilipenda kusifiwa. Halafu nikamshitaki yeye. Watoto kumi na mmoja waliugua. Naomba iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.

Katibu akauliza, "Niandike hivyo hivyo?" Mkuu akanyoosha mkunjo wa suruali. Mfagizi, aliyekuwa amesimama dirishani, akasema, "Andika, mama, si umesikia?"

Nilimfuata Kimya korido. "Nisamehe, kaka."

Alivaa koti lake kwanza, vifungo vyote. "Nilikuja mezani kwako siku moja nikuulize kama umesoma," akasema. "Ulifunika karatasi."

Akaenda zake.

Jumatano, 9 Aprili

Barua ya onyo. Naondolewa kwenye kompyuta na kupelekwa kuchukua sampuli, msaidizi wa Kimya. Mkuu naye amepata barua yake kutoka juu. Sijui imesema nini. Nimejizuia kupeleleza, na si kazi ndogo.

Jumatatu, 14 Aprili

Nyayo zina malengelenge. Kimya amenipa pamba bila neno.

Jumanne, 22 Aprili

Ujumbe wa Dada, mfupi: mtoto anakuuliza. Nimeusoma mara nyingi nikitafuta kama ndani yake kuna "na mimi pia". Haumo. Jumamosi nitakwenda.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua zinapungua. Wamefunga kamba mpya na mbao juu ya kijito, na leo kwa mara ya kwanza tangu Februari tumevuka mpaka kituo cha kumi na nne. Kimya alitangulia, akanipokea kreti, halafu akanipa mkono.

Bombani kulikuwa na foleni ya ndoo. Nilichoma mdomo wa bomba kwa moto wa spiriti kama alivyonifundisha, nikaacha maji yapite, nikajaza chupa ya kwanza, nikajaza ya pili, nikaandika saa. Maji yalikuwa maangavu kabisa. Ungeyaona ungeapa ni salama.

Bibi mmoja mwenye ndoo ya bluu akanisogelea. "Mwanangu, nyinyi ndio wa ofisi ya maji?"

"Ndiyo, bibi."

"Haya, tuambie. Yanafaa?"

Nilihisi Kimya nyuma yangu ameacha kufunga sanduku la barafu. Foleni nzima ilinigeukia.

"Sijui, bibi," nikasema. "Tumechukua leo, majibu Alhamisi. Mpaka hapo chemsheni."

Bibi akanitazama, kichwa upande, kama anayepima kitambaa dukani. Kisha akawageukia wenzake. "Mmesikia? Miaka yote wanakuja hapa, leo ndiyo mara ya kwanza mmoja wao anasema hajui." Akajitwisha ndoo. "Huyu nitamsikiliza. Twendeni tukawashe moto."